Nyambizi ya Banda la Jamaldini

Msinicheke kabla sijamaliza. Najua mmezoea kusema mwanamke wa Bahi kazi yake mpunga na kambale, mambo ya gemu atayajulia wapi. Hayohayo ndiyo aliyoniambia Harithi mbele ya watu, na mpaka leo akiniona mtaani Majengo anavuka barabara.

Mwaka 2005 nilikuwa nauza zabibu kwenye kibaraza cha banda la gemu la Jamaldini. Sinia langu, ndoo yangu ya maji, kigoda changu, basi. Kibaraza kile ndicho kilichotulisha mimi na mama. Jamaldini alitaka kumpa binamu yake Abbasi aweke meza ya vocha za simu, maana vocha ndiyo ilikuwa biashara ya kisasa na zabibu, alisema, zinaleta nyuki. Kunifukuza waziwazi aliona haya, kwa sababu mama yangu ndiye aliyemuuguza mama yake mpaka siku ya mwisho. Akawa ananitafutia kisa.

Banda lilikuwa na televisheni moja na sheria moja: ukifa, unatoka. Unalipa mara moja, unacheza mpaka mtu wako wa kwenye skrini afe, iwe dakika mbili au saa mbili, kisha unampa anayefuata pedi, kile kidude cha vitufe. Mchezo wenyewe tuliuita Jiji. Mtu anazurura mjini, anaiba magari, anakimbizana na polisi, anakwenda anakotaka. Lilianza Jiji la Kwanza, likaja la Pili, na kote huko maji yalikuwa kifo. Ukitumbukia tu, kwisha habari yako. Kwa hiyo vijana wa Majengo waliogopa maji kuliko risasi.

Lilipoingia Jiji la Tatu, bandarini kulikuwa na nyambizi. Nyeusi, mgongo nje ya maji, mbali kidogo na gati. Walibishana wiki nzima kama inaendeshwa au haiendeshwi, na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Harithi, bingwa wa banda, akatoa hukumu: "Lile pambo tu. Haliingiliki."

Mimi nilikuwa nachungulia dirishani kama kawaida yangu. Siku moja saa tisa mchana polisi wakamsukuma Harithi na gari lake mpaka baharini. Akasonya, akamrushia pedi Meshack, aliyekuwa anafuata kwenye foleni, na Meshack akaanza upya papo hapo. Lakini nilikuwa nimeshaona. Yule mtu wa Harithi alitoka garini, akawa anapiga mikono. Jamani, mimi nimekulia Bahi, mwaka wa mvua tunafuata kambale mpaka maji ya shingo. Maiti haipigi mikono.

"Hajafa huyo!" nikasema kwa sauti. "Anaogelea! Na ile nyambizi ina kifuniko, tena kina mpini. Kitu chenye mlango kinaingilika."

Banda zima likaangua kicheko. "Mbukwa, mama nyambizi!" mmoja akanisalimia kwa Kigogo cha kuigiza.

"Mgogo na bahari wapi na wapi?" Harithi akasema. "Rudi kwenye kambale wako, dada, gemu utaijulia wapi?"

Jamaldini hakucheka. Alikuwa amepata kisa chake. "Dorkasi, ingia ucheze. Ukiiendesha hiyo nyambizi, kibaraza ni chako, sikuulizi tena maisha. Ukifa, kesho Abbasi anaweka meza. Mashahidi hawa hapa."

Sisemi uongo, niliogopa. Nilimfikiria mama na sufuria yake. Lakini hasira ilikuwa imenifika kooni, na mimi nikishapandwa hanishiki mtu. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha Harithi.

"Lete."

Pedi sikuwahi kuishika. Mtu wangu akagonga ukuta, akagonga nguzo, akamgonga polisi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Risasi zikamiminika. Mstari wa uhai ukapungua, ukabaki kipande chekundu kama kucha. Harithi akanyoosha mkono apokee pedi. Nikauchapa ule mkono. Nikakimbia mpaka ukingo wa gati, nikamrusha mtu wangu majini.

"Kafa!" wakasema wote kwa pamoja. Meshack alifumba macho kabisa, mwanaume mzima.

Hakufa. Alizama, akaibuka, akaanza kupiga mikono. Nikabonyeza na kubonyeza mpaka kidole gumba kikawaka moto. Nilipoigusa nyambizi nikabonyeza pembetatu, kitufe kilekile walichoingilia magari. Kifuniko kikafunguka. Mtu wangu akaingia, kikajifunga, nami nikaisukuma chini.

Kule chini kulikuwa buluu tupu na samaki wanapita. Risasi hazikufika. Machozi yalinitoka, na siyaonei aibu.

"Mungu wangu, inaendeshwa," Meshack akasema.

Jamaldini akakuna kidevu. "Haya, Dorkasi, tumeona. Kibaraza chako. Sasa mpe Harithi pedi, watu wanangoja."

"Nimpe kwa nini?"

"Si umeshashinda?"

"Kaka Jamaldini, sheria ya banda lako inasemaje?"

Akajibu Meshack badala yake, kwa sauti ndogo: "Ukifa, unatoka."

Nikazunguka na nyambizi yangu taratibu, nikaenda kulia, nikarudi kushoto. Hakuna polisi hata mmoja aliyejua kupiga mbizi. Foleni ikafika mlangoni. Mwishowe Harithi mwenyewe, bingwa, akaja akachuchumaa kando ya kiti.

"Dada Dorkasi, naomba basi. Nijaribu na mimi kidogo tu."

Miezi minane nilisimama dirishani pale, na hakuna aliyewahi kuniambia karibu.

"Kaniuzie zabibu," nikamwambia bila kugeuka. "Wateja wako nje. Mimi sijafa."