Konzi za Pi Cin

Mchungaji alipomtuma Pi Iang kwa Pi Cin (Pi kwao ni kama Bi), alimsisitizia aende kwa upole, akamsisitizia tena alipomsindikiza mlangoni pake, maana alimjua anayemtuma. Pi Iang alikuwa mwanamke wa kanisa kwelikweli, ila upole, tusidanganyane, hakujaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa akikusanya mchele wa kanisa. Kila mwanamke pale kijijini, kabla hajainjika sufuria, huchota konzi moja ya mchele akaiweka kando iwe ya Bwana. Jumamosi Pi Iang hupita nyumba kwa nyumba, kikapu mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso, akizoa konzi za wiki nzima. Hakuna jiko asilolijua, wala asilolisema.

Ya Pi Cin yalijulikana na wote. Alipofiwa na mumewe aliangukia pombe ya mchele, hata siku moja ya ibada akakutwa amelala njiani, kitenge kimemvuka. Wazee wakamtenga na meza ya Bwana mpaka ajirekebishe. Sasa binti yake wa pekee, Sung, alikuwa anaolewa baada ya mavuno, na mama aliyetengwa hasimami mbele ya kanisa kumtoa mwanawe. Atakaa benchi la nyuma kama mpita njia, asimame shangazi. Pi Cin aliwaapia wazee kwamba ameacha, nao wakataka mtu akamtazame awaletee jibu Jumapili. Lakini jirani mmoja alikuwa ameshauona mtungi nyuma ya jiko lake, mdomo umefungwa kwa jani la mgomba. Katika milima ile, mtungi uliofungwa hivyo una pombe, hakuna cha kuuliza.

Pi Iang alipanda kile kilima huku moyoni ameshatoa hukumu. Ameacha wapi, yule! Alimkuta Pi Cin ameketi nyuma ya jiko, mgongo ameupa ukuta, na kwa jinsi alivyoketi, lazima kuna kitu anakikinga. Alikuwa anatafuna tangawizi. Tangawizi saa ile ya nini, kama si kuua harufu? Pi Iang akapokea chai, akauliza habari za baridi, za nguruwe wa harusi, za kwaya ya Sung, na kila akiuliza jicho linateleza kuelekea nyuma ya jiko. Pi Cin naye alijibu neno mojamoja. Alikuwa amemtilia shaka mgeni wake tangu hajavua viatu, kwa sababu mwanamke huyu hakuwa amekanyaga pale tangu yeye Pi Cin atengwe, na leo anaulizia nguruwe.

Mwishowe Pi Cin akaweka kikombe chini. "Pi Iang, acha kunizungusha. Umekuja kunipekua. Haya, pekua."

Akasogea. Mtungi ukaonekana, mkubwa, na jani lake. Pi Iang hakungoja kubembelezwa. Alipiga magoti akafungua kamba, tayari amekunja pua.

Ulikuwa mchele. Mchele mkavu, umejaa mpaka shingoni, umepauka kwa kukaa, fukusi wanatembea juu yake. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, maana shaka haikumwacha, akakuta mchele tu.

"Wa nini huu?" aliuliza.

"Konzi," alisema Pi Cin. "Wewe uliacha kupita. Mimi ningefanyaje, nile mchele wa Mungu? Nikipika natoa, naweka humo. Sung alitaka kukuletea nikamkataza. Nilijua utaumwaga mbele za watu."

Pi Iang akautoa mkono mtungini. Angeumwaga, na alilijua hilo. Tena hakuna aliyemwambia airuke nyumba ile. Wazee walimkataza Pi Cin meza ya Bwana, hawakumkataza kutoa. Kuiruka aliamua mwenyewe, kwa midomo yake aliyoibenua, na Jumamosi zote alizopita mbele ya mlango ule alijiona anailinda nyumba ya Mungu. Aibu ikamshika mpaka masikio yakamchoma. Hata hivyo hakuwa mtu wa kuachia jambo.

"Na hiyo tangawizi?"

Pi Cin aliutazama moto. "Ya kuikata hamu. Nilikunywa juzi. Sung akienda kwaya nyumba inanimeza, nikavuka kijito nikanywa kwa watu. Nilirudi nalia njia nzima. Kawaambie. Ndicho ulichofuata."

Ndicho hasa alichofuata, na sasa alikuwa nacho mkononi, hakikumfurahisha hata kidogo. Akaomba ungo. Wakakaa wawili wakipepeta na kutoa fukusi, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho, mpaka Sung aliporudi akawakuta hivyo, akaogopa kuuliza.

Jumapili baada ya ibada wazee walimuuliza Pi Iang kama mwanamke yule bado anakunywa. Pi Cin alikuwa amesimama kizingitini, shuka ameivuta mpaka kidevuni.

"Anakunywa," alisema Pi Iang. Kizingitini shuka ilitikisika. "Anakunywa jioni akiwa peke yake, na mimi nimekuwa nikimwacha peke yake bila kutumwa na mtu. Nilimnyima hata kumtolea Mungu, naye akatoa. Kuanzia leo jioni zake atakula kwangu. Akianguka tena, mniulize mimi. Na harusini asimame na mwanawe. Mkimnyima hilo mtakuwa mmempeleka ng'ambo ya kijito kwa mikono yenu."

Wazee walibishana sana, mmoja akasema hayo si maneno ya Pi Iang wanayemjua. Mwishowe mchungaji akaamua kwamba mama atasimama, ila Pi Iang asimame naye, bega kwa bega.

Nje, Pi Cin alimngoja njiani, uso haujalegea.

"Siku hiyo ukinishika mkono," alisema, "utakuwa unanishika nisianguke, au unanishika nisitoroke?"

Pi Iang alifikiri, akaona hana haja ya kudanganya.

"Yote mawili."

Pi Cin alimkagua toka kichwani hadi miguuni, kama anayenunua ng'ombe wa mtu asiyemwamini. Kisha akauliza jioni kutapikwa nini.