Safari Aliyopangiwa Shemeji

Usiku mmoja rubani wa ndege aliendesha gari akiwa amelewa chakari, akagonga ukuta na kumvunja mkewe mguu. Korti ikamtoza faini. Akatoka anacheka, akamwambia shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, aliyekuwa akipanga zamu za marubani katika kampuni moja naye: "Yameisha hayo. Kazini usifungue mdomo."

Dada hakufungua. Alimeza hasira, akangoja mpaka kampuni ilipoanzisha safari za kwenda nchi isiyomruhusu kuingia mtu yeyote aliyewahi kuhukumiwa kwa ulevi barabarani, hata akiwa na sare ya rubani. Safari ya kwanza, iliyojaa wakubwa wa kampuni, akampangia yeye.

Siku ya safari hiyo simu ikalia.

"Shemeji, nimezuiwa! Maofisa wa uhamiaji wamenisomea kesi yangu mbele ya mkurugenzi! Nimeumbuka! Ulijua sheria yao, mbona hukunionya?"

Dada akamtazama mdogo wake akiburuta mguu kwenda kufunga dirisha.

"Si ulisema nisifungue mdomo?" akajibu, na kukata simu.