Kuvu ya Babu Torvald

Na itangazwe kwa wanadamu wote, walio macho na wanaosinzia darasani: katika milima ya Jämtland, nchini Sweden, imegunduliwa kuvu isiyopata kuonekana tangu dunia iumbwe. Aliyeiumba ni Tuva, mwanafunzi wa bweni aliyekuwa likizoni kwa bibi yake. Aliiumba kwa kalamu ya wino.

Alitaka kucheka tu. Bibi Gunvor alikuwa bingwa wa ule utando wa kijivu unaoota juu ya mawe, na hasa wa kuvu ndogo zinazoufyonza kama kupe: vidoti vyeusi ambavyo watu wengine huviona uchafu. Tuva akachora vidoti vyake kwenye jiwe kando ya njia, kisha akampitisha bibi hapohapo.

Bibi akapiga magoti, lenzi jichoni.

"Wee Tuva, njoo! Hii siijui."

"Labda mavi ya nzi, bibi."

"Nzi gani anayekunya kwa mpangilio hivi? Lete nyundo, mtoto usiye na adabu."

Nyumbani, bibi akadondoshea kile kipande cha jiwe dawa ya kupimia. Vidoti vikageuka zambarau.

"Umeona? Mavi ya nzi yanafanya hivyo?"

Tuva akauma shavu asicheke.

Bibi hakugusa kahawa yake. "Babu yako alitambaa milimani humu mpaka magoti yakamwisha, akitafuta kuvu moja tu ipewe jina lake. Akafa hajaipata. Jumamosi wenzetu wa chama cha kuvu wanakuja. Nitawaambia hii ni ya Torvald."

Tuva akaacha kuuma shavu.

"Lakini bibi, si mpaka uitazame kwa hadubini kwanza?"

"Ndiyo naiandaa."

Kabla ya kuikata, bibi akafanya wanachofanya wazee wote wa kazi hiyo: akalilamba jiwe, lilowe, rangi zijitokeze. Akalamba tena, taratibu.

"Nimelamba mawe maisha yangu yote," akasema. Ulimi wake ulikuwa wa zambarau. "Hakuna lililowahi kuwa na ladha ya kalamu. Hebu vidole vyako."

Tuva akavificha nyuma, kisha akavitoa. Vilikuwa na madoa meusi ya wino.

Bibi akafuta ulimi kwa leso. "Haya. Cheka basi."

"Ni mimi, bibi," Tuva akasema, macho sakafuni. "Niliichora mimi. Sikujua kama babu alikuwa akiitafuta."