Vifungo vya Kamanda

Mwaka wa pili wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanaume wa mtaa ule walikuwa msituni, mafichoni au kaburini, na karakana ya ushonaji ilibaki mikononi mwa wanawake watano. Mkubwa wao aliitwa Bi Mkasi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Kamanda wa wanajeshi walioteka mji alimwamuru awashonee sare mpya, akashona. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Siku ambayo jemadari wao alitarajiwa kuja kukagua gwaride, Bi Mkasi alimtuma binti yake, kifunga mimba wake, dukani kuchukua vifungo. Zamani hizo suruali za zipu zilikuwa za wenye nazo. Wakati wa kurudi, askari wa kizuizini akamuuliza amebeba nini.

"Vifungo vya kamanda," binti akajibu, hana hili wala lile.

Maskini ya Mungu! Askari hakusikia nguo, alisikia jela. Kamanda afungwe? Tena vifungo, si kimoja! Hata mfuko hakuufungua. Akamburura mpaka ghala la nafaka nyuma ya ofisi ya mji, walikofungiwa wanawake wengine, akatia komeo.

Muuza maji aliyeyaona hayo alikimbilia karakanani kusema. Bi Mkasi alilia kama mtoto, kwani wengi walioingia ghala lile hawakuonekana tena.

"Wifi, acha kulia," dada wa marehemu mumewe akamwambia. "Huo ulimi unaotukata nao kila siku, leo ndiyo siku yake."

Wakabeba suruali zote hadi uani kwa kamanda, hapo hapo nyuma ya ofisi ya mji. Kamanda akaingia ndani kuvaa ya kwake, akatoka ameishikilia kiunoni kwa mkono.

"Vifungo viko wapi?"

"Mmevifungia ghalani, pamoja na mwanangu."

Askari wa kizuizini akaitwa, akaeleza alichosikia, na wenzake wakaangua kicheko hadi wakashika mbavu. Kamanda hakucheka.

"Vileteni, hawa washone!"

Bi Mkasi akaketi chini, mikono kwapani. Wenzake nao wakaketi.

"Mwanangu kwanza."

"Nitawafunga wote!"

"Tufunge, baba. Na hiyo suruali ataifunga nani?"

Kutoka darajani zikasikika honi za msafara wa jemadari. Kamanda akatokwa na jasho.

"Mfungulieni huyo msichana!"

Binti akatokea mlangoni, mfuko mkononi, vumbi la mahindi usoni. Mama yake akainuka kumpokea, lakini binti hakusogea.

"Mama, sitoki peke yangu. Humu tuko wengi. Kuna mama ana kichanga."

Bi Mkasi alitaka kumwambia nyamaza mwanangu, njoo twende zetu. Chake si alikwisha kukipata? Kisha akamtazama vizuri huyo mtoto aliyemzaa mwenyewe, amesimama pale wima, akaona haya kwa alilowaza, na fahari ikamjaa kifuani hadi pumzi ikamwia nzito. Akaketi tena.

"Umemsikia, kamanda. Wote."

Honi zikafika sokoni. Kamanda akatazama lango, akatazama kiuno chake.

"Wote! Watoeni wote!"

Wakashona kwa pamoja, waliofungwa na waliokuja kuwafungua, kifungo kimoja kwa kila suruali, mengine Mungu anajua. Walipomaliza hawakusubiri shukrani. Tangu vita vianze, watu wa mji ule walipita wakijibana ukutani. Wanawake wale wakatoka langoni wakashika katikati ya barabara, wameshikana mikono, kichanga kikipiga kelele, Bi Mkasi na binti yake mbele. Msafara ukawakuta hapo. Dereva wa jemadari akapiga honi, akaona hawasogei, akasogea yeye.