Maharage ya Mpitimbi

Mama Skolastika ana stoo ya jumla pale Mjimwema, Songea, nami ndiye mfungaji wa oda zake. Wenye maduka ya vijijini wanapiga simu, yeye anaandika, mimi napanga bidhaa kwenye katoni. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo karatasi naisoma kwa kidole, polepole, kisha narudia.

Mwezi wa sita malalamiko yalizidi. Mama akaniletea kopo tupu la maziwa.

"Asma, oda ikifika sawa, tia punje ya mahindi. Ikifika na kosa, tia harage. Zikitimia mia tunamwaga na kuhesabu. Maharage yakizidi matano, namtafuta aliyemaliza shule. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Mama," nikajibu, kwa sauti ambayo hata panya wa stoo asingeisikia.

Oda zilipofika tisini, maharage yalikuwa tayari matano. Sikutaka kurudi kijijini Lusewa kwenye shamba la tumbaku la baba. Lakini kila harage nililikumbuka: manne yalitoka duka moja, la Mzee Hironimus wa Mpitimbi. Aliagiza chai, akapata chumvi. Aliagiza sabuni, akapata viberiti. Kama tatizo ni macho yangu, mbona yanamkosea zaidi yeye?

Kumwambia Mama niliogopa. Nikamwendea dereva wetu.

"Kaka Fulgence, Alhamisi nichukue twende Mpitimbi."

"Loo, leo bubu kasema! Panda tu."

Njia ya kwenda dukani kwa Hironimus ilikuwa tope tupu, gari haliingii. Fulgence akashusha katoni za Hironimus kwenye baraza la duka la ng'ambo ya barabara, la Mzee Otto, pamoja na za Otto mwenyewe, kisha akaenda kumwita Hironimus. Mimi nikabaki garini.

Nikamwona Otto akifungua katoni ya mwenzake. Akatoa chai, akatia chumvi kutoka kwenye katoni yake, akaibandika tena kwa gundi vizuri, huku akicheka peke yake.

Nikashuka, nikamsogelea.

"Shikamoo, Baba. Hiyo chai si yako."

"Marahaba. Ni ya mtani wangu, basi ni yangu! Mimi Mhehe, yeye Mngoni. Babu zake walichukua ng'ombe wetu, mimi nachukua chai tu."

"Lakini harage linakuwa langu!"

Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka madukani. Sikujua kama nina sauti ile.

Hironimus akafika na mabuti yake ya tope. Alipoelezwa, nikadhani watapigana. Badala yake Hironimus akashika mbavu kwa kucheka.

"Kumbe wewe, mtani! Mwezi mzima namlaumu binti wa watu! Leo sitoki hapa bila kuku."

Akampigia Mama simu, akamsimulia yote, kisha akanipa.

"Asma," Mama alisema, naye akijizuia kucheka, "ukirudi toa hayo maharage matano."

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

"Manne, Mama. La tano ni langu kweli. Yule wa mafuta ya lita tano nilimfungia ya lita tatu."

Akasema, "Basi moja libaki. Na njoo mapema kesho, oda ni nyingi."

Tulirudi Songea mimi na Fulgence, na kuku wawili miguuni pangu. Hironimus alimdai Otto wa kwake, akanipa mimi, kisha akamdai mmoja zaidi kwa yale maharage manne niliyobebeshwa.