Sifa Tisa za Mfunga Vitabu

Mwanamke aliyefunga tasnifu za chuo kizima aliitwa Mama Gundi, na jina hilo hakulichukia, kwa kuwa gundi ndiyo iliyomsomeshea binti yake mpaka akawa nesi. Duka lake lilitazamana na lango la chuo. Lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza ya kukatia, mashine ya chuma ya kubania vitabu, na rafu ambako majalada mapya yalilaliwa na matofali mpaka yakauke. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mjane wa miaka tisa. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno ya kuhesabika, aliyemposa kwa kumwuliza kama angependa kukaa upande wa dirishani.

Hakuwa amesoma chuo, lakini chuo kilikuwa kimempitia mikononi. Mtu ukishona kurasa huwezi kufumba macho. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameokota magonjwa ya kuku, sheria za mirathi na mmomonyoko wa udongo. Kuhusu mapenzi alikuwa amefunga tasnifu kumi na saba, zote chini ya msimamizi mmoja, na zote alizikuta kavu kama kuni za kiangazi.

Msimamizi huyo wanafunzi walimwita Mwalimu Nadharia. Alifundisha falsafa ya mapenzi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Alikuwa mrefu, shati limefungwa kifungo cha mwisho shingoni, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hajaoa, na ukimwuliza kwa nini, alikujibu kwamba bado hajamaliza sura ya nne.

Sura hiyo ilikuwa ya kitabu chake mwenyewe. Siku moja alikileta dukani, kurasa mia nne na kumi na mbili, akaomba kifungwe hivyo hivyo ili aone kinavyokaa mkononi. Mama Gundi alikifunga kwa kitambaa chekundu cha kuiva. Mwalimu alipokuja kukichukua, alikifungua, akakinusa, kisha akakirudisha juu ya meza.

"Fundi, sura ya pili ina kosa. Naomba ukifumue."

Akakifumua. Wiki iliyofuata Mwalimu alikuja na kurasa mpya, kikashonwa upya, na siku ya kukichukua akagundua kosa jingine katika sura ya tatu. Kikafumuliwa tena. Mara ya nne binti alikuwapo, ametoka zamu hospitali, amekaa kwenye kigoda akijikanda miguu. Mwalimu alipovuka barabara kurudi chuoni, binti akasema, "Mama, yule hana makosa kitabuni."

"Ana nini?"

"Ana wewe."

Mama Gundi akamwambia aache utoto, akaendelea kufumua. Ila jioni ile, wakati wa kufunga duka, aliona kwamba kitabu cha Mwalimu alikuwa akikishona kwa uzi ule mzuri wa kitani ambao hakuwahi kuupoteza kwa mtu asiyeuagiza.

Tangu hapo Mwalimu hakuchukua kitabu na kwenda zake. Alikaa. Na kwa kuwa hakujua mazungumzo mengine, aliuliza maswali.

"Ulipokuwa mtoto, Fundi, mama yako akitoka nyumbani ulikuwa unalia?"

"Mama akitoka tulikuwa tunafurahi. Tulikuwa tunalamba sukari."

Mwalimu akaandika. Alieleza kwamba kuna wataalamu wanaoamini kuwa namna mtoto alivyomng'ang'ania mama yake ndivyo atakavyomng'ang'ania mpenzi ukubwani. Mama Gundi akauliza kama wataalamu hao wana jibu kwa waliolamba sukari. Mwalimu akaliandika na hilo, akasema linahitaji utafiti.

Basi, mwezi wa tatu wa kushona na kufumua, akaja bila kitabu. Alikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa. Alisimama mbele ya meza ya kukatia kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Fundi, nimekata shauri nikupose. Lakini sitaki nikupose kiholela. Penzi la mtu mwenye akili lina sababu zake, na sababu za kumpenda mtu ni sifa alizo nazo. Nimezikusanya zako. Ziko tisa."

Akazisoma. Subira. Uaminifu. Mikono isiyotetemeka. Kutunza ahadi. Ucheshi. Mpangilio. Kauli njema kwa wadogo. Afya. Sauti ya kusikilizika. Mama Gundi alisikiliza huku akipaka gundi, maana gundi ikishatiwa maji haimngoji mtu. Hakuna mwanamke anayechukia kusifiwa, lakini sifa hizi zilimwingia kama orodha ya vifaa vya shule.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina mdogo wangu. Anauza mapazia mtaa wa nyuma ya posta. Hizo zote anazo, na ni mdogo kwangu kwa miaka sita. Basi si umchukue yeye?"

Mwalimu akakunja uso. "Hilo ni pingamizi zito."

"Si pingamizi. Ni mdogo wangu."

Alitania tu. Lakini Mwalimu alikuwa mtu ambaye ukimrushia utani huudaka kwa mikono miwili na kwenda kuuchunguza nyumbani. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne mdogo wake Mama Gundi aliingia dukani akicheka tangu mlangoni, mwanamke mnene wa furaha aliyeachana na mume na hakuonekana kumkumbuka.

"Dada, jana kanijia mwanamume mrefu kama mlingoti. Kaomba aoneshwe mapazia. Namkunjulia pazia, hatazami pazia, ananitazama mimi. Kila nikisema neno, anaandika. Mwisho kaniuliza kama nina subira. Nikamwambia, baba, saa nzima nakukunjulia vitambaa na hununui hata kishikio, wewe unaonaje? Akasema ahsante, akaweka alama."

Aliicheka habari ile mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Mama Gundi alijaribu kucheka naye ikashindikana. Kitu kilimchoma, chembamba, kama sindano inayoingia chini ya ukucha. Alimwuliza mdogo wake alikuwa amevaa nguo gani. Aliuliza Mwalimu alikaa kwa muda gani, na kama aliketi au alisimama. Alipojisikia anauliza kama alikunywa chai, aligeuka kukaza mashine ya kubania, na akaikaza kuliko ilivyohitajika. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini yeye hakujua kwamba mtu anaweza kuwa na kikohozi na awe wa mwisho kukisikia.

Mwalimu alikuja mchana uleule, amejaa nuru usoni.

"Fundi, nimepata. Mdogo wako anazo zote tisa, na katika mbili anakuzidi."

"Zipi?"

Mtu mwingine angeuma ulimi. Mwalimu alikuwa mkweli. "Ucheshi na mpangilio. Duka lake limepangwa vizuri sana. Lakini sikiliza. Nilipotoka pale sikuhisi kitu. Hata chembe. Nikapita hapa mbele ya mlango wako, umefungwa, wewe umekwenda kununua kitambaa, na kule kuuona tu mlango umefungwa nikahuzunika. Unaona maana yake? Kama ni sifa, ningempenda yeye zaidi. Nadharia ya sifa imekufa. Lazima sura ya pili yote itoke."

Akangoja wafurahi pamoja.

"Umekwenda kunipima na mdogo wangu kama vitambaa viwili," alisema Mama Gundi.

"Ilikuwa lazima, kwa sababu wewe mwenyewe ndiwe uliye—"

"Mwalimu. Chukua kurasa zako."

Kitabu kilikuwa kimefumuliwa nusu. Alizikusanya kurasa, akazifunga kwa kamba ya katani, akamkabidhi mikononi. Mwalimu alivuka barabara amezikumbatia kama mtu aliyeokoa godoro kwenye moto.

Kuanzia hapo yakafuata makaratasi. Barua ya kwanza ilisema kwamba sasa ameelewa: kupenda ni kuungana, watu wawili wakawa kitu cha tatu kinachoitwa "sisi," chenye nia moja na maslahi mamoja. Mama Gundi alijibu nyuma ya karatasi ileile: *Huyo sisi ataamka saa ngapi kufungua duka?* Barua ya pili haikuungana na mtu. Ilisema kwamba kupenda ni kumtakia mwenzio mema kwa ajili yake mwenyewe, bila kudai chochote. Hiyo hakuijibu. Alidhani habari hiyo imekwisha.

Haikuwa imekwisha, kwa sababu safari hii Mwalimu aliamua kutenda. Jumamosi asubuhi Mama Gundi alikaa dukani tangu kufungua mpaka adhuhuri asione mteja hata mmoja, na ilikuwa majira ambayo wanafunzi huja kwa makundi. Alipotoka nje kutazama kulikoni, akakuta tangazo limebandikwa ubavuni mwa mlango, kwa mwandiko anaoufahamu: *Wanafunzi mnaombwa kutoleta kazi siku za Jumamosi, ili Fundi apate kupumzika.*

Alilibandua, akavua aproni, na kwa mara ya kwanza maishani akapita lango la chuo kama mtu mwenye shauri lake. Ofisi ya Mwalimu ilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi. Aligonga mara moja akaingia.

"Nani kakwambia nataka kupumzika Jumamosi?"

Mwalimu alisimama. "Nilifanya kwa faida yako. Bila kutaka chochote. Hata jina langu sikuweka."

"Faida yangu ungeniuliza mimi. Ninaijua. Inakaa kwangu."

Mwalimu alichomoa kalamu mfukoni, akairudisha. Akaketi. Nyuma yake vitabu vilipanda mpaka dari, na vingi vilikuwa na majalada ambayo Mama Gundi aliyatambua kwa mshono. Juu ya dawati kulikuwa na birika la umeme na kikombe kimoja. Mama Gundi alitafuta cha pili kwa macho, hakukiona. Mtu aliyefundisha mapenzi kwa miaka ishirini, na mgeni akija hana pa kumtilia chai.

"Sijui nifanye nini," alisema Mwalimu. "Nimesoma kila kilichoandikwa. Kila nikishika moja, ninakuudhi. Sijui."

Katika miezi yote ile, Mama Gundi hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Hasira aliyopanda nayo ngazi ilimtoka taratibu, naye hakufurahia ilivyomtoka.

"Kuhesabu kurasa unajua?"

"Najua."

"Jumatatu inaanza wiki ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu. Njoo uhesabu kurasa. Usije na karatasi yoyote yako."

Alikuja. Na ijulikane kwamba kama msaidizi alikuwa hasara tupu. Kuhesabu alihesabu, lakini hakuweza kuhesabu bila kusoma, na hakuweza kusoma bila kubisha. Alisimama katikati ya foleni ya wanafunzi arobaini akijibizana na tanbihi ya mtu asiyekuwapo. Jumanne aliingiza sura nzima ya lishe ya ng'ombe ndani ya tasnifu ya sheria za mirathi, ikashonwa, ikabanwa, ikapelekwa. Mwenye tasnifu aligundua mbele ya jopo la watahini, akiwa amesimama. Katika wale wataalamu watatu, wawili walikuwa wamekwisha kuisifu sura hiyo kwa upya wa mawazo.

Mama Gundi alimgombeza. Mwalimu akakubali kosa, akaosha mikono, akaanza upya kuhesabu, safari hii akitembeza kidole pembeni asione maneno. Na hapo ndipo Mama Gundi alipojaribu kujiuliza anamtaka mtu huyu kwa lipi. Mpole, ndiyo, lakini wapole wako wengi. Mzito wa kuelewa. Akifikiri anapumua kwa pua mpaka chumba kizima kinasikia. Alijaribu kuhesabu, hakufika hata tatu. Lakini Mwalimu alipotoka kwenda kunywa maji bombani, sikio la Mama Gundi lilimfuata mpaka nje na lilimngoja pale mpaka akarudi.

Alhamisi alasiri foleni ilikwisha. Mwalimu alikuwa na gundi hadi kwenye viwiko.

"Fundi, bado nataka nikuoe. Ila sina sababu."

"Hata moja?"

"Nilikuwa nazo tisa. Zimekwisha zote."

Mama Gundi alikuwa anakata kitambaa cha jalada. Alikata mpaka mwisho, kwa kuwa kitambaa ukisita katikati kinapinda. Akaweka mkasi.

"Tutakwenda kwa msajili mwezi ujao. Sasa hivi kuna marekebisho ya tasnifu za watu."

Walikwenda watu wanne: wao wawili, binti, na mdogo wake, ambaye njiani kote alimwita Mwalimu "shemeji mpima mapazia," na Mwalimu akaitika. Ofisi ya msajili wa ndoa ilikuwa na feni iliyolalamika na foleni ya watu wawili wawili. Msajili alisoma bila kuinua macho.

"Je, unampenda mwanamke huyu, na unakubali awe mkeo kwa hiari yako?"

Mwalimu akavuta pumzi kwa pua. "Kuhusu neno la kwanza—"

Binti akafumba macho. Msajili, ambaye labda kwa miaka mingi hakuwahi kuulizwa neno, aliinua kichwa. Mama Gundi alimgeukia tu mumewe mtarajiwa na kumtazama, kama anavyomtazama mteja anayegusa jalada kabla halijakauka.

"Nakubali," alisema Mwalimu.

"Na kupenda?"

"Ndiyo. Maelezo yake ni marefu, lakini jibu lake ni ndiyo."

Msajili akaandika ndiyo, akagonga muhuri, akaita wengine.

Walirudi nyumbani kwa Mama Gundi kwa miguu. Binti na mama yake mdogo walikuwa wamesogeza meza na kutandika kitambaa kipya, wakala, wakacheka, mdogo mtu akatia maneno ya kuwaaibisha wakubwa, kisha wawili hao wakaaga. Mama Gundi alitoa vyombo jikoni. Aliporudi alimkuta Mwalimu amelala kitini na shati lake la kifungo cha mwisho, mdomo wazi kidogo, viatu miguuni. Akamwita mara moja, hakuamka. Akapiga magoti, akafungua kamba za kiatu cha kulia, zilikuwa zimefungwa fundo gumu lisilo na maana yoyote, na ikabidi atumie meno.

"Mtu gani anafunga hivi," alinong'ona, akahamia cha kushoto.