Mtoto wa Chumba cha Ndani

Usiku wa jana niliota niko kazini, jambo lililonikera, maana mchana kutwa niko kazini pia.

Kazi yangu ni kufukua mji wa kale wa mawe ulio nyuma ya soko, kabla ya jengo la maegesho kusimamishwa juu yake. Asubuhi ya leo mafundi walikuwa wamwage zege. Kilibaki chumba kimoja cha ndani hatujakigusa, na muda ulikuwa umetuishia.

Nainua mwiko wangu wa kufukulia nianze. Mwiko unagoma.

"Hujapiga hodi," unasema.

"Nyumba haina mlango. Haina hata paa."

"Ina mwenyewe."

Napiga hodi hewani, najiona mjinga. Chini ya udongo sauti ya mwanamke inaitikia: "Karibu. Vua viatu."

Navua. Nashuka tabaka la kwanza la udongo, simu yangu inageuka kigae. La pili, suruali inakuwa kikoi. La tatu, kuta zina chokaa mbichi na paa limerudi. Kwetu wafukuaji tabaka la chini ndilo la zamani zaidi, kwa hiyo sishangai.

Mkekani ameketi Mwana Tima, mwenye nyumba. Jina lake nalijua tu, kama mtu anavyojua mambo ndotoni. Amempakata mtoto mchanga aliyefungwa kitambaa cheupe. Mtoto amekufa.

"Shikamoo, Mwana Tima."

"Marahaba, mwanangu. Ukitaka mitungi, chukua. Mtoto simtoi. Hajamaliza arobaini, na mtoto hatolewi nje kabla ya arobaini."

"Alizaliwa lini?"

"Aliishi siku tatu. Nikamlaza humu humu, chini ya sakafu, nikaendelea kumhesabia. Kisha watu wakahama mji, na mimi nikapotewa na hesabu."

Mashine ya zege inachungulia dirishani. "Samahani jamani," inasema kwa adabu. "Mimi nina ratiba."

Kujua muda uliopita ndiyo kazi yangu, nalipwa kwa hilo. Napiga magoti mbele yake.

"Mama," nasema, "arobaini imepita."

"Imepita lini?"

"Zamani sana. Miaka mia sita na ushei."

Ananitazama. Anaanza kulia bila sauti.

"Na hakuna aliyekuja kuniambia," anasema.

Nami nalia. Sioni haya kulisema. Mashine ya zege inazima injini yake na kutazama pembeni.

Kisha Mwana Tima anampaka mtoto wanja kwenye nyusi, kama apakwavyo mtoto anayetoka nje mara ya kwanza, na kuniwekea begani.

"Mshike shingo, bado laini. Mpeleke makaburini akalale na wenziwe. Usimwache chini ya magari."

Napanda tabaka la tatu, la pili, la kwanza. Kila ninapopanda, mtoto anazidi kupata joto.

Nikaamka. Naishi peke yangu, na chai yangu ni ya rangi. Lakini kwenye bega la fulana palikuwa na doa la maziwa, bado bichi, kama la mtoto aliyecheua.

Sikuibadilisha. Nilikwenda nayo hivyo hivyo hadi kiwanjani, nikasimama katikati ya chumba cha ndani. Injinia akanipigia kelele nitoke, zege linaganda.

Nikamwambia asubiri, kuna mtoto anatoka kwanza.